Kovu la operesheni mwaka wa nne huu, kila baridi ikiingia linavuta na kuwasha. Kwani kovu likishafunga si limepona?

#1 MamaWawili_Uyole
Habari wakuu. Naomba nisichekwe maana nyumbani nimeshachekwa vya kutosha. Julai 2021 nilijifungua wa pili kwa kisu, mshono wa kulala, chini kabisa. Ulifunga vizuri tu, nyuzi wakatoa siku ya nane, kitovu cha mtoto kilipodondoka mimi nilishaanza kufua. Sasa kila Juni baridi ya huku ikishika, alfajiri nikitoka kwenda kukamua lile kovu linavuta kwa ndani kana kwamba kuna mtu kashika uzi upande wa pili anauvuta taratibu. Likiacha kuvuta linawasha. Na hapo juu yake, upana wa vidole vitatu hivi, ata nijifinye sisikii kitu, ganzi tupu. Upande wa kulia kuna kipande kimeinuka kigumu, kama kamba ya kiatu imepita chini ya ngozi.
Mama mkwe anasema nilikula maharage kabla ya arobaini. Dada wa duka la dawa anasema uzi ulibaki ndani. Mume wangu anasema ni baridi tu nivae sweta. Nani mkweli hapo?

#2 Kigoda_cha_Mafinga
Ngoja waje wataalamu, mimi nishasogeza kigoda karibu na jiko.

#3 Shoka_la_Makambako
Dada hauko peke yako. Mimi nilijikata na shoka kwenye muundi wa mguu nikipasua kuni, miaka tisa imepita, nilishonwa nyuzi kumi na moja. Hili kovu linajua mvua kabla ya redio. Likianza kuvuta mke wangu anaanua mahindi bila kuniuliza.

#4 Nesi_Mstaafu_Rungwe
Ugonile MamaWawili. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, swali lako nimelisikia zaidi ya mara mia. Watu wanadhani kisu kilikata ngozi tu. Pale wanapita ngozi, mafuta, halafu kuna utando mweupe mgumu ndo unaobeba tumbo zima, misuli inatenganishwa katikati inasogezwa huku na huku, kisha utando mwembamba wa ndani, ndipo mfuko wa uzazi. Kila tabaka linajiunga kivyake na kwa mwendo wake. Unachokiona wewe juu ni mfuniko wa sufuria tu.
Ganzi ni vijineva vidogo vilivyokatwa. Vinaota tena polepole sana, vingine havirudi, na vinavyorudi wakati mwingine vinaleta habari za uongo, kuwashwa, kuchomwa, kama shoti ya umeme.
Ila nijibu matatu kwanza. Hicho kipande kimevuka mstari wa mshono au kimebaki humo humo? Maumivu yanakuja karibu na siku zako? Na ukikohoa ukiwa umesimama kuna kitu kinatokeza?

#5 MamaWawili_Uyole
Shikamoo mama, asante. La kwanza, mshono wote umekaa ndani ya mstari isipokuwa hicho kipande, kimetoka nje kidogo, labda upana wa punje ya mahindi. La pili sijawahi kuhesabu kusema kweli. La tatu, nimekohoa mbele ya kioo mpaka mkubwa wangu kaja kuniuliza mama unaumwa kifua, hakuna kilichotokeza.

#6 Mkinga_Dukani
Mafuta ya parachichi yale yaliyokamuliwa baridi, paka asubuhi na jioni miezi mitatu, kovu linalainika. Ninayo, bei ya jukwaa elfu kumi.

#7 Kigoda_cha_Mafinga
#6 nilijua tu. Mkinga akikupa pole angalia kama hajaweka na risiti.

#8 Mwalimu_Iringa
Kamwene wote. Nafundisha baiolojia, ngoja nieleze ninavyowaelezea fomu tatu. Ukikatwa, damu inaganda, halafu askari wa mwili wanakuja kufagia vijidudu na nyama iliyokufa, ndo ule uvimbe na joto la siku za mwanzo, watu wanaogopa kumbe kazi inaendelea. Kuanzia siku ya tatu nne hivi zinaingia seli za kufuma, zinamwaga kolajeni, yaani protini inayoshikilia ngozi, kwanza ya haraka haraka, ile aina ya 3, sawa na mtu kuweka uzio wa mabua wakati anasubiri hela ya tofali. Baadaye mwili unang'oa mabua kidogo kidogo unajenga na aina ya 1 iliyo ngumu. Hiyo kazi inaenda mwaka na zaidi.
Wiki ya tatu mshono una kama asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi nzima. Miezi mitatu unaelekea 80 na hapo ndo mwisho, mia hairudi. Sababu ni namna ya kufuma. Ngozi ya kawaida kolajeni imesukwa kama mkeka, huku na huku. Kovuni ukindu wote umelazwa upande mmoja.

#9 Dereva_Tunduma
Kwaiyo mwalimu baada ya mwaka kovu limekufa? Maana mimi najua kovu ni ngozi iliyokufa, haioti nywele haitoi jasho.

#10 Mwalimu_Iringa
#9 hapana mkuu. Nywele na jasho havipo kwa sababu vishina vya nywele na tezi vikishaondoka na ngozi ya ndani havijengwi upya. Lakini kovu lenyewe lina damu na seli na halipumziki. Kolajeni yake inabomolewa na kujengwa miaka yote. Kuna kisa cha mabaharia wa Uingereza wa Kamanda Anson, walioondoka kwao 1740 kuzunguka dunia. Kiseyeye kikawavamia, yaani kukosa vitamini C, na bila hiyo vitamini mwili haufumi kolajeni imara. Mmoja wao alijeruhiwa vita ya Boyne huko Ireland, zaidi ya miaka 50 nyuma, majeraha yalishapona zamani. Baharini yakafunguka upya kana kwamba hayajawahi kufunga. Kubomoa kuliendelea, kujenga kukasimama.

#11 Dereva_Tunduma
Dah. Miaka hamsini? Hiyo chai mwalimu.

#12 Msoma_Historia
#11 sio chai, imeandikwa na watu wa safari ile ile. Vita ya Boyne ilikuwa 1690, piga hesabu mwenyewe. Ata mfupa wake uliowahi kuvunjika nao uliachia.

#13 Dereva_Tunduma
Nimeelewa. Nashuka kununua machungwa.

#14 Bibi_Harusi_Njombe
Tusimsahau mama mkwe lakini. Maharage yana kosa gani? Kwetu unaambiwa hayo, mayai, pilipili, ata nyama, eti kidonda kitavimba. Mimi baada ya kisu nililishwa uji mweupe na chumvi wiki tatu, mshono ukaachia kona, mama yangu mdogo kutoka Ludewa alipofika akafunga jiko lile akanipikia maharage na mchicha na samaki. Kona ilifunga.

#15 Nesi_Mstaafu_Rungwe
#14 huyo mama mdogo mpe kuku. Kolajeni ni protini, sasa mgonjwa unamnyima protini unataka seli zifume na nini? Kinachochelewesha mshono ni upungufu wa damu, sukari isiyotulia, sigara, usaha, na mtu kubeba ndoo ya lita ishirini wiki ya pili. Maharage yanaleta gesi, na gesi kwenye tumbo lenye mshono inauma kweli, nadhani wazee walianzia hapo. Basi ikageuka sheria.

#16 Mzee_wa_Chimala
Nesi na mwalimu mmesoma sawa. Lakini kidonda kina adui wengine. Mtu ametoka kwa mwanamke wake usiku huo huo anakuja kukuona wodini, kidonda kinaharibika. Nimeona mwenyewe, 1988, jirani yangu kidonda chake kilikuwa kimefunga kabisa, kaja shemeji yake kumsalimia, kesho yake usaha.

#17 Kigoda_cha_Mafinga
Mzee shikamoo, na huyo shemeji aliulizwa ametoka wapi au alihukumiwa tu?

#18 Mzee_wa_Chimala
Hakuulizwa. Alijulikana.

#19 Nesi_Mstaafu_Rungwe
😂😂 Mzee wangu, usaha wa kesho ulishaanza juzi. Ila mila ile ilisaidia kupunguza wageni wodini, sina ugomvi nayo.

#20 Kifua_cha_Mbao
Natia neno kuhusu kipande kigumu. Nafanya kazi kwenye msumeno Mafinga. Nilitoka chunusi kifuani, chunusi tu, nikaiminya. Baada ya miezi ikawa uvimbe mgumu unang'aa, unawasha usiku hadi nakosa usingizi. Nikaenda sehemu wakaukata, nikalipa, nikashangilia. Miezi sita ukarudi na ndugu zake, mkubwa mara mbili, una miguu kama kaa. Nilivyokuja kuona daktari wa ngozi akaniuliza nani alikukata bila kukuchoma sindano baadaye? Hiyo ni keloidi.

#21 Mwanafunzi_Udaktari
#20 umesema kaa na ndo asili ya jina. Mfaransa Alibert mwanzoni mwa karne ya 19 aliita hivyo kutokana na neno la Kigiriki la gando la kaa.
Watu wanachanganya vitu viwili. Kovu nene tu linainuka lakini linabaki ndani ya mipaka ya jeraha, linakuja wiki chache baada ya kuumia na likiachwa linaweza kushuka lenyewe. Keloidi inavuka mpaka, inaingia ngozi ambayo haikuguswa, inaweza kuanza miezi mingi baadaye na kwa kawaida hairudi nyuma. Inawapata zaidi watu weusi, wa miaka 10 hadi 30, na inaenda kwenye koo za damu. Inapenda kifua, mabega, taya, ndewe za masikio. Kuikata peke yake ni kamari, zaidi ya nusu zinarudi.

#22 Kifua_cha_Mbao
Sawa kabisa mdogo wangu. Mimi nimechomwa sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki nne. Inauma, sindano haitaki kuingia, kama unachoma raba ya tairi. Ya tatu ndo ikaanza kulainika. Sasa imelala ila ngozi pale imepauka na kuwa nyembamba. Kuwasha kumekwisha, na kwangu hilo tu lilinitosha.

#23 Saluni_Mwanjelwa
Wateja wangu wawili walitoboa masikio kwenye ile mashine ya dukani, wote wakatoka vidonge kama zabibu. Mmoja alikatwa akapewa heleni za kubana, anavaa ata usiku. Mwingine alienda Dar akakatwa akapigwa mionzi Ocean Road, anasema walimwanzishia ndani ya siku moja baada ya kukatwa. Wote bado wako sawa ila wa mionzi ndo mwaka wa kwanza.

#24 Kinyozi_Kabwe
Na vile vinundu vya kisogoni kwa wanaonyoa kipara? Lawama zote kinyozi!

#25 Mwanafunzi_Udaktari
#24 hizo zinafanana na keloidi lakini chanzo ni vishina vya nywele vinavyovimba na kuacha makovu. Mashine ikinyoa mpaka kwenye ngozi kabisa inachochea. Acha milimita mbili tatu za nywele, lawama zitapungua.

#26 Kinyozi_Kabwe
Mteja haelewi, anataka kung'aa.

#27 Shoka_la_Makambako
Tumepotea wakuu. Uzi wa MamaWawili ulikuwa BARIDI. Nani anajibu baridi?

#28 Mwanafunzi_Udaktari
Mishipa ya damu inajibana kwenye baridi, na kovu damu yake haipiti vizuri kama ngozi ya kawaida. Halafu vile vijineva vilivyoota upya ni vyepesi kuchokozeka. Hivyo viwili vinatosha.

#29 Makete_Juu
#28 hujakaa Makete wewe. Juni huku kuna asubuhi majani yana barafu. Ngozi nzima inapasuka, sembuse kovu lisilo na tezi za mafuta wala jasho. Ni ukavu tu. Mimi nina kovu la kuungua mkono mzima, nikilipaka mafuta ya mgando kabla ya kulala halivuti, nikisahau linavuta. Sijui mambo ya neva, najua kopo la mafuta.

#30 Bibi_Harusi_Njombe
#29 nusu na mimi naungana nawe, nusu siungani. Mimi nikikaa karibu na moto ndo linawasha zaidi, na baridi ikiwa kali ndo tunakaa motoni. Kwaiyo kinachowasha ni baridi au jiko?

#31 Fundi_Cherehani_Soweto
Natazama kwa jicho la fundi. Juni mwanamke anavaa sketi nzito, suruali ya ndani, kitenge juu, vyote vina lastiki na vyote vinapita pale pale kwenye mshono wa kulala. Desemba havai hivyo. Dada umewahi kuangalia lastiki inakaa wapi?

#32 MamaWawili_Uyole
#31 umenishika. Inakaa juu ya kile kipande.

#33 Mwalimu_Iringa
Fundi naye ana hoja ya kisayansi. Kovu linalovutwa au kusuguliwa kila siku linanenepa, ndo maana kifua na mabega vinasumbua. Huko Vienna 1861 mtaalamu anaitwa Langer alionyesha ngozi ina mistari ya mvuto. Alitoboa maiti kwa kifaa cha duara matundu yakawa ya kurefuka, kila sehemu upande wake. Kisu kikifuata mistari kovu linakuwa jembamba, kikikata kinyume linavutwa huku na huku. Mshono wa kulala wa tumboni unafuata, wa kusimama unapingana nayo.

#34 Mama_wa_Kusimama
Mimi ni wa kusimama, kuanzia kitovuni kwenda chini. Mwaka mmoja baadaye nikawa na uvimbe kama yai, nikisimama unatoka, nikilala unarudi. Nikaambiwa ni kovu limevimba, nikauziwa jeli ya ngozi miezi minne. Kumbe ule utando mgumu wa ndani aliosema nesi #4 ulikuwa umeachia, utumbo unachungulia. Ngiri ya mshono. Nimefanyiwa tena, wakaweka wavu. Ndo maana nesi alipouliza habari ya kukohoa nikajua huyu anajua.

#35 Nesi_Mstaafu_Rungwe
Pole mwanangu. Na wengine wasome hapo: uvimbe ule ukigoma kurudi, ukauma na kutapika juu, hiyo ni ya usiku huo huo, hakuna kusubiri asubuhi.

#36 Dada_wa_Dawa
Nami ni wa duka la dawa ila sio yule wa kwake. Uzi kubaki ndani sio uongo mtupu jamani. Nyuzi za ndani huwa ni za kuyeyuka, nyingi zinaisha ndani ya miezi miwili mitatu. Lakini fundo moja moja linaweza kukataliwa na mwili, linajijengea kinundu, wakati mwingine kinatoboka na kutoa uzi wenyewe. Nimeona mteja kaja na kipande kwenye karatasi.

#37 Mwanafunzi_Udaktari
#36 miaka minne baadaye kwa uzi wa kuyeyuka? Nina shaka.

#38 Dada_wa_Dawa
Una uhakika gani walitumia wa kuyeyuka? Wewe ulikuwepo?

#39 Kijana_Ulimi
Swali la nje kidogo. Nilianguka na bodaboda Igawilo nikajing'ata ulimi nusu uondoke, na nikachanika goti. Goti lina kovu la kutisha, ulimi ukiangalia huoni kitu. Kwa nini?

#40 Mwalimu_Iringa
Kinywa kinapona haraka na karibu bila kovu. Mtoto aliye tumboni miezi ya mwanzo naye ngozi yake ikikatwa inapona bila alama. Maelezo ni mengi: mate, uvimbe mdogo, seli za aina nyingine, unyevu. Kuhusu unyevu, Mwingereza George Winter mwaka 1962 alijaribu kwa nguruwe, vidonda vilivyofunikwa visikauke vikaota ngozi karibu mara mbili ya kasi ya vile vilivyoachwa vipate hewa na kutengeneza gaga.

#41 Mzee_wa_Chimala
Sisi tulimwaga unga wa kapsuli kikakauka vizuri.

#42 Nesi_Mstaafu_Rungwe
Mzee wangu, ule unga ulinifanya nisugue vidonda na maji ya chumvi nusu ya ajira yangu. Juu pamekauka kama saruji, chini usaha unaogelea.

#43 Kigoda_cha_Mafinga
Mzee leo hatoki salama.

#44 MamaWawili_Uyole
Narudi na majibu maana nimekaa na kalenda ya ukutani, ile ninayoandikia siku za kupandisha ng'ombe. Nimekumbuka siku tatu ambazo liliuma hadi nikaacha ndoo ya maziwa chini. Mbili ni siku moja kabla ya hedhi. Moja haikaribii kabisa, ila siku hiyo nilibeba gunia la pumba. Mama nesi uliuliza kwa nini?

#45 Nesi_Mstaafu_Rungwe
Niliuliza kwa sababu wakati wa kisu vipande vya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi vinaweza kuangukia kwenye mshono vikashika pale. Vinafuata mwezi kama vilivyokuwa kwao, siku zikikaribia vinavimba na kuuma, unapata donge gumu pembeni ya kovu, mara nyingi kwenye kona. Sio wengi, lakini wapo, na kila mtu anawaambia ni keloidi. Mbili kati ya tatu hazitoshi mimi kusema ndiyo. Andika miezi mitatu mingine, kisha upigwe ultrasaundi pale pale kwenye kona, waoneshe kwa kidole.

#46 Mwanafunzi_Udaktari
Mimi bado nasema ni kovu nene limesuguliwa na lastiki, na neva. Jeli au bandeji ya silikoni saa 12 kwa siku, miezi mitatu, tuone.

#47 Makete_Juu
Mafuta ya mgando.

#48 Mkinga_Dukani
Ya parachichi. Elfu nane sasa.

#49 MamaWawili_Uyole
Ndaga sana wote. Nimeshusha lastiki, nimefunga kitenge juu ya kitovu, mama mkwe ananiangalia tu. Ultrasaundi nitaenda tukishauza viazi. Mume wangu amesoma uzi wote, anasema bado ni baridi.

#50 Dada_wa_Dawa
Kinundu kikitoboka usitupe kitakachotoka. Weka kwenye karatasi.

#51 Shoka_la_Makambako
Wakuu mguu unavuta tangu saa kumi alfajiri na mke wangu ameshaanua mahindi. Juni hii mvua itoke wapi?

#52 Makete_Juu
Huku ni ukungu na manyunyu tangu usiku. Labda mguu wako unasoma ya kwetu.